Msiniambie Nisimame Wima

Haya ninamwandikia mwanamke ambaye uti wake wa mgongo umepinda upande, na ambaye jana au juzi kuna mtu amemwambia ajinyooshe. Wengine mnaweza kusoma, lakini sikuwaandikia ninyi. Sina upole mwingi wa kugawa. Ugonjwa huu hauui haraka, na kwa sababu hiyo watu hawauheshimu. Mwenye malaria huletewa uji. Mwenye mgongo uliopinda huambiwa anadeka.

Naitwa Hadija. Nimezaliwa Ujiji, mtaa wa Kasingirima, na nimeolewa hapo hapo, nyumba ya nne kutoka kwa mama yangu mzazi. Hospitali wanauita skoliosisi. Mimi si daktari, sitakueleza habari za mifupa. Nitakueleza yaliyonipata, na nani alifanya nini.

Mtu wa kwanza kuugundua alikuwa fundi cherehani. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, naingia kidato cha kwanza, na Mama alinipeleka kushonewa sketi ya shule. Mzee akanipima, akashona, nikavaa. Pindo la kushoto likakaa chini ya goti, la kulia likapanda. Akafumua, akashona upya. Likapanda tena. Mara ya tatu akavua miwani, akanizunguka polepole kama mtu anayekagua mbuzi wa kununua.

"Mama Hadija," akasema, "kosa si la mkasi wangu. Binti ndiye amekwenda upande."

Mama akanipiga kofi la mgongoni mbele ya wateja. "Simama wima!"

Nilikuwa nimesimama wima. Ndivyo nilivyojua kusimama.

Mwaka huo bega langu la kulia lilitoka kwa nyuma kama mtu aliyebeba kitu chini ya nguo. Shuleni wakaniita Kombo. Mwalimu wa zamu alikuwa ananitoa kwenye mstari asubuhi, akisema ninasimama kwa jeuri. Kwenye swala, mwanamke aliyekuwa pembeni yangu alinisukuma kwa kiwiko ili safu inyooke, na nilipotoa salamu aliniambia hata mbele ya Mungu sina adabu. Sikuwa na la kuwajibu kwa sababu nami niliamini. Nilidhani ni uvivu wangu. Nilikuwa nakaza misuli siku nzima, nikirudi nyumbani nimechoka kama niliyelima.

Mama alikuwa mjane, akiuza samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, na hofu yake ilikuwa moja: nani atamwoa huyu? Hakuniambia, lakini niliisikia akiisema kwa shoga zake. Jirani mmoja akamwelekeza kwa mzee wa kuunga mifupa, kijiji cha milimani, njia ya kwenda Kasulu. Mzee yule alikuwa na sifa. Waliovunjika miguu walikwenda wamebebwa wakarudi wanatembea, na mimi sitamnyang'anya sifa hiyo. Lakini mimi sikuwa nimevunjika.

Tulikaa kwake siku tatu. Kila asubuhi nililazwa kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe. Mama alinishika viganja vya mikono, mzee akapaka kisigino chake mawese, akapanda juu ya mbavu zangu zilizotokeza, akazikanyaga zirudi ndani. Siku ya pili nilisikia kitu kikilia ndani ya mwili wangu, kama kijiti kikavu kinachovunjika. Nilipiga yowe hadi sauti ikakatika.

"Vumilia, mwanangu," Mama akasema. "Mgongo unanyooka huo."

Siku ya tatu akapanda tena, pale pale.

Tuliporudi Ujiji mvua zilikuwa zimeanza. Masika yote yale sikuweza kucheka, wala kukohoa, wala kulalia ubavu wa kulia. Kukaa kwenye dawati kulinishinda, na kidato cha pili nikaacha shule. Mama aliwatangazia watu kuwa nimepona. Kisha akaninunulia baibui pana, namba kubwa kuliko mwili wangu, na hatukuzungumza tena habari ile. Miaka zaidi ya ishirini, mama na binti, nyumba tatu kati yetu, hatukuzungumza.

Nilipata mume kwa sababu ya baibui lile, Mama ndivyo alivyoamini. Rashidi ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, mtu wa maneno machache na mikono ya grisi. Aliponiona mgongo kwa mara ya kwanza aliuliza swali moja: "Inauma?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi nitakuwa naangalia nisikuumize." Nimekuwa nikimkasirikia mara nyingi tangu siku hiyo, lakini kila ninapotaka kumchukia kabisa, neno lile linanizuia.

Tukapata mtoto mmoja, Zainabu. Kuzaa kwenyewe sitasimulia. Nitasema tu kwamba muuguzi alinifokea nilale sawasawa, nikamwambia ndiyo sawasawa yangu, akanijibu kwamba wanawake wenye midomo ndio huchelewa kuzaa.

Nilikuwa nafanya biashara ya dagaa Kibirizi. Boti zikirudi asubuhi na mzigo, unanunua, unajitwika beseni kichwani, unapanda nalo hadi kwenye chanja za kuanikia, unarudi tena. Siku za giza boti hujaa, na mwanamke hupanda na kushuka hata mara kumi. Siku za mbalamwezi dagaa hawapatikani na boti hulala, na hapo ndipo nami nililala, kwa maana siku nyingine hata kuinuka chooni nilishika ukuta. Lakini sikukataa kubeba. Pale mwaloni, boti zinapotia nanga, mwanamke asiyebeba huitwa mgonjwa, na mgonjwa haaminiwi na mtu. Kwa hiyo nilimeza vidonge vya maumivu kama karanga, nikabeba.

Mwaka juzi, mvua za kwanza zilipolowesha mchanga, nilikuwa napanda na beseni la tatu. Mguu wangu wa kushoto ukatoweka. Sina neno lingine. Ulikuwepo, mara haupo. Nikaanguka kifudifudi, dagaa wakamwagika kwenye tope. Mwanamke mmoja niliyefanya naye kazi miaka kumi akapiga kelele, "Jamani, dagaa! Okoeni dagaa!" Wakaja mbio na mafagio na ndoo. Waliokota dagaa wote. Nadhani walisahau kwamba na mimi niko chini. Rashidi ndiye aliyeniokota, akaniweka kati yake na dereva wa bodaboda, tukaenda hospitali.

Sasa nikueleze habari za kusubiri, kwa sababu ndiyo sehemu kubwa ya ugonjwa huu. Benchi la hospitali limetengenezwa na mtu mwenye mgongo mzima. Halina egemeo. Ukisimama, nafasi inachukuliwa. Ukijilaza, unaambiwa hapa si nyumbani kwako. Nilikaa juu ya benchi lile tangu asubuhi hadi adhuhuri ikapita, siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu, nikitumwa dirisha hili nikirudishwa dirisha lile, na kila aliyenihudumia aliniuliza tatizo nini akiwa anaangalia simu. Nilijifunza kwenda na khanga mbili za kukunja, moja ya kukalia upande mmoja, moja ya kuweka kiunoni. Nenda nazo na wewe. Usione aibu. Aibu haina egemeo pia.

Daktari alikuwa kijana. Alichukua picha ya eksirei akaiweka kwenye mwanga wa dirisha, na mimi nikauona mgongo wangu kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ulipanda kutoka kiunoni, ukaenda kushoto, ukarudi kulia, ukakunja tena, kama njia ya mbuzi mlimani. Nilitazama nikashindwa kuondoa macho. Kumbe nilikuwa ninasimama juu ya kitu hiki, nikabeba mabeseni, nikabeba mimba, halafu watu wakaniita mvivu!

"Kwa nini hukuja mapema?" daktari akauliza.

"Mapema nilikuwa na miaka kumi na tatu. Ulitaka nije peke yangu?"

Kisha akasogeza kidole kwenye picha. "Na huu ubavu? Ulivunjika zamani, ukaunga vibaya. Ulipata ajali?"

Nilimwambia hapana. Nilimwambia nitakumbuka. Nilikuwa nakumbuka vizuri sana.

Upasuaji, alisema, uko hospitali kubwa za mbali, na kwa umri wangu hakutaka kuanzia huko. Aliniambia niache kubeba kichwani, akaniandikia mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki. Nilitoka pale nikiwa na karatasi moja mkononi na hasira ya miaka ishirini na zaidi. Nilipita mlangoni kwa Mama bila kupiga hodi.

Chumba cha mazoezi kiko mwisho wa ukumbi. Nje ya mlango alikuwa amekaa mwanamke wa makamo, Muha wa upande wa Kasulu, anayelima mihogo na kulea wajukuu. Aliitwa Yolanda. "Mwakeye," akanisalimu, akatazama bega langu, kisha akacheka hadi akashika magoti.

"Unacheka nini?" nikamuuliza kwa ukali.

"Wewe umetoka kulia, mimi nimetoka kushoto. Tukisimama pamoja, tunafanya mlango."

Nilitaka kumtukana. Badala yake nikakaa karibu naye. Sikuwa nimewahi kumwona mwanamke mwingine mwenye mgongo kama wangu, na sikujua kwamba nilikuwa na njaa ya kumwona.

Mtaalamu wa mazoezi aliitwa Felista. Siku ya kwanza nilimchukia. Nilikwenda nikitaka kunyooshwa, yeye akanilaza juu ya mkeka akaniambia nipumue.

"Kupumua najua," nikamwambia.

"Unapumulia upande mmoja. Huu wa kushoto umebonyea kwa sababu huupi hewa. Nimeweka kiganja hapa. Kisukume kwa pumzi, si kwa misuli."

Nilijaribu. Kiganja hakikusogea. Nilijaribu wiki nne nzima, na Felista hakuchoka wala hakunisifu. Wiki ya tano kikasogea kidogo, nikaanza kulia, naye akasema, "Futa machozi, rudia."

Nilipomuuliza lini nitanyooka, alinijibu bila kuzunguka: "Hutanyooka. Nakufundisha kuishi na mgongo huo usikumalize." Nilimshukuru baadaye, si siku ile.

Basi nikaanza kazi ya kujitunza, na hapo ndipo nilipowajua watu. Asubuhi, kabla ya lolote, nusu saa juu ya mkeka. Saa nne, nusu saa tena. Mto kati ya magoti ninapolala, na khanga iliyokunjwa chini ya kiuno pale penye pengo. Chupa ya maji ya moto ubavuni. Maji ya kunywa nabeba kwa ndoo mbili ndogo, nusu nusu, mkono huu na huu, hata kama nitakwenda mara nne. Kule mwaloni nikaacha kubeba kabisa. Nikaweka meza ndefu, nikawa nachambua dagaa wa wenzangu nimesimama, nao wakanibebea wangu. Wengine walikubali. Wengine waliniita Malkia. Yule aliyepiga kelele dagaa waokolewe alisema sasa nimepata ugonjwa wa wazungu. Nilimwambia akitaka tubadilishane migongo mchana ule ule, nimpe na vidonge juu. Hajanisalimia hadi leo, na sijapungukiwa na kitu.

Mama ndiye alikuwa mgumu zaidi. Aliingia siku moja saa nne akanikuta mkekani.

"Mwanamke mzima kalala saa hizi? Mumeo akikuona?"

"Ananiona kila siku, Mama."

"Ndiyo maana amekonda."

Na ni kweli Rashidi alikuwa amebadilika. Maji ya kufulia alikuwa anateka yeye, na mafundi wenzake walimtania kwamba ameoa bibi harusi wa kudumu. Jioni moja akatupa spana sakafuni. "Nimechoka kuulizwa!" Nikamwambia na mimi nimechoka kuwa swali. Kesho yake akapanda boti kwenda Kagunga, akasema kuna injini za kutengeneza, akakaa wiki tatu bila kunipigia. Nilihesabu zile wiki kwa siku za mazoezi ya hospitali, sita, na kila zoezi nilimlaani. Siku aliyorudi alikuwa na mbao za boti kuukuu begani. Hakuomba radhi, hakueleza kitu. Alikaa uani akapigilia misumari, akatengeneza kilingo cha kuwekea beseni la kufulia, akaniita nisimame mbele yake, akakikata miguu hadi kikafika kiunoni kwangu. Tangu siku ile sijainama kufua nguo. Nilimwambia ahsante. Lile la kutonipigia bado sijalisamehe.

Kiangazi kilipoingia, Felista aliniuliza kama nina binti. Nikasema ninaye, ana miaka kumi na miwili. Akaniambia nimvue blauzi, nimwinamishe mbele kama anayeokota kitu, nimtazame mgongo kwa nyuma.

Nilifanya hivyo siku hiyo hiyo. Zainabu aliinama akicheka, akidhani ni mchezo. Upande wa kulia wa mbavu zake ulikuwa juu kuliko wa kushoto. Kidogo tu, kama unene wa kidole. Nilimwambia avae, nikaenda uani asinione uso.

Rashidi nilimwambia. Na Mama nikamwambia, na hilo ndilo kosa langu. Nilidhani nikimwambia atalia, ataelewa, atasema neno moja ninalolisubiri. Alivuta ushanga wa tasbihi. Kisha akasema, "Usihangaike. Mimi bibi yake nipo."

Nilikuwa nimpeleke mtoto hospitali Alhamisi. Jumanne nilirudi kutoka mazoezini, Yolanda akiwa pamoja nami kwa kuwa tulizoea kunywa chai kwangu. Nyumba ilikuwa wazi. Zainabu hayupo. Jirani akasema, "Ameondoka na bibi yake tangu asubuhi, wana mkoba. Wamepanda gari la Kasulu."

Yolanda aliniona uso. "Kuna nini?"

"Anampeleka akanyagwe."

Hakuuliza zaidi, habari za mzee yule nilishamsimulia. Tukapanda bodaboda mbili. Barabara ile ya milimani ilikuwa vumbi na mashimo, na kila shimo lilipanda hadi shingoni. Nilimwambia dereva aongeze mwendo. Alisema, "Mama, utaumia." Nikamwambia nimeshaumia, aongeze.

Mzee wa zamani alikuwa amekufa. Kazi ilikuwa imerithiwa na mwanawe, mwanamume mnene mwenye sauti ya upole. Watu walikuwa wamekaa uani wakisubiri zamu. Niliwapita nikaingia. Mwanangu alikuwa kifudifudi juu ya ngozi, mgongo wazi. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, amemshika viganja vya mikono. Yule bwana alikuwa akipaka kisigino mawese.

"Weka mguu chini," nikasema.

"Mama, karibu, tulia kwanza," akanijibu. "Bibi ndiye aliyemleta, na tumeshakubaliana."

"Mguu wako ukimgusa mwanangu nitaukata."

Sikuwa na hata kisu. Lakini nadhani aliniamini, kwa sababu aliurudisha mguu. Zainabu alikuwa analia kimya kimya, shavu kwenye ngozi. "Mama, bibi amesema haiumi," akasema.

"Baba yako alinivunja ubavu nikiwa na umri wa huyu," nikamwambia yule bwana.

"Baba yangu hakuwahi kumvunja mtu. Alikuwa anaunga."

Nilivua baibui. Nikainua blauzi mbele ya wote waliojazana mlangoni, wanaume kwa wanawake, nikampa mgongo. Mimi, ambaye hata bafuni nilikuwa najifunika. "Njoo," nikasema. "Weka mkono hapa chini ya bega. Tafuta mahali mfupa ulipopanda juu ya mfupa. Njoo uone ufundi wa baba yako."

Hakuja. Aliyesogea kutazama ni Mama. Alikuwa hajauona mgongo wangu tangu ile siku ya tatu. Mikono yake iliachia ya mtoto.

"Mimi nilidhani ulinyooka," akasema.

"Uongo. Kama ulinyooka, baibui lile kubwa uliloninunulia lilikuwa la nini?"

Mama akaitazama ngozi ya ng'ombe.

"Ulinishika, Mama. Nikalia, ukanishika zaidi. Na leo umekuja kumshika huyu."

Yolanda alikuwa ameshamvika Zainabu blauzi, vifungo vimekosea matundu. Alimpandisha kwenye bodaboda ya kwanza, mimi nikapanda ya pili. Mama alitoka nje akasimama na mkoba wake. Nafasi ilikuwepo. Nikamwambia dereva twende. Alirudi mwenyewe kesho yake, sijui kwa gari gani, sikuuliza.

Safari ile ilinigharimu. Nililala siku tisa, mguu ukafa ganzi upya, na kazi ya miezi sita na Felista tukaianza karibu na mwanzo. Nikiulizwa kama nitafanya tena, nitafanya.

Zainabu alipelekwa na Rashidi, akapigwa picha Alhamisi ile ile. Daktari alisema tumewahi. Madaktari bingwa walipokuja mkoani, walimpima wakamtengenezea mkanda mgumu wa plastiki wa kuvaa kiwiliwilini, mchana na usiku, hadi atakapoacha kukua. Una joto. Unamchubua kwenye nyonga, na kila jioni tunapaka mafuta na kumwekea fulana safi ya pamba ndani yake. Wiki za mwanzo aliukataa, akanipiga teke, akaniambia bora angekanyagwa siku moja yakaisha. Nilitoka nje nikapumua upande wa kushoto kama nilivyofundishwa, nikarudi, nikaufunga. Shuleni walianza kumwita Kobe. Alirudi nyumbani akanisimulia, nami nikavaa viatu tayari kwenda kumtafuta mwalimu. Akanizuia.

"Nimeshawaambia ni mkanda wa mgongo. Mmoja akaugonga kwa ngumi, akaumia vidole. Basi."

Masika yamepita, kiangazi kimepita, picha ya pili imesema mpindo wa mfupa haujaongezeka. Hawajasema amepona, na wewe usimruhusu mtu akuambie umepona kwa sababu hujalalamika leo. Mimi mguu wangu umerudi, si wote. Natembea hadi Kibirizi na kurudi. Siku za baridi ya asubuhi naumwa kama meno yanaota mgongoni. Jumatatu wanawake wanne tunakutana chumbani kwangu, tunafanya mazoezi, tunagombana nani amechukua mto wa nani. Mmoja mumewe hajui anakokuja. Mwingine ni binti wa chuo, ambaye alikuja mara ya kwanza amevaa sweta tatu. Yolanda anamwambia, "Vua moja moja, hatuna haraka."

Wewe unayesoma, ukiwa na mtoto wa kike wa miaka kumi au kumi na mbili, mwinamishe umtazame. Ukiona upande umepanda, nenda hospitali, na ukiambiwa urudi kesho, rudi kesho na khanga zako mbili. Ukiambiwa unadeka, deka. Ukiwa na mtu anayekubebea ndoo, mwache abebe, na usimwombe msamaha kwa hilo.

Kuhusu Mama. Miezi mitano nilifunga mlango. Zainabu nilimruhusu kwenda kumsalimia, lakini mimi niwepo. Kisha, siku ya pili baada ya Idi, alipiga hodi. Nilikuwa mkekani. Sikuinuka. Alikaa kwenye kigoda, amezeeka, amevaa khanga mpya.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba." Akaikunja pembe ya khanga. "Kila aliyekuwa na binti alikuwa ananihurumia, Hadija. Nilikuwa naogopa kufa nikuache peke yako. Sikujua kwingine kwa kukupeleka."

"Mimi nilikuwa nalia, Mama. Hilo ulilijua."

"Nililijua." Alifuta uso kwa pembe ya khanga. "Nimekuja unisamehe."

Nilimtafuta moyoni yule binti mwema anayesema yameisha, mama, yameisha. Hakuwepo. Ubavu ule unaniuma kila nikigeuka, na mdomo wangu haukukubali kusema kitu ambacho ubavu haujui.

"Bado," nikamwambia.

Aliitikia kwa kichwa kama aliyetajiwa siku ya kurudi kliniki. Akasimama, akajifunga khanga vizuri. "Nimesikia. Basi nitakuja kesho."

Akaja kesho. Akaja na kesho yake. Leo asubuhi amekuja tena, tumeongea habari za mvua, ameuliza, nimemwambia bado, akavaa ndala zake akaenda.